Iga Kazi, Usiige Mteja

Chini ya kitanda changu kuna boksi. Ndani yake kuna chupa 31 za pafyumu za kupima, vile vichupa vidogo vya mililita 10, na zimekaa humo tangu semista ya kwanza ya mwaka jana. Hilo boksi ndilo bumu langu. Sikulila, wala sikununulia simu. Nililifanyia biashara, tena baada ya kuhudhuria semina mbili za ujasiriamali na kupewa cheti.

Ilikuwa hivi. Rumeti wangu ndiye aliyeanza. Jumamosi alikuwa anakwenda Kariakoo, ananunua mafuta ya pafyumu, anarudi kuyapima kwenye vichupa na kuwauzia watu wa korido yetu kwa 5,000. Kila usiku namuona amekaa kitandani anahesabu noti. Na mimi nikapiga hesabu zangu: yeye anauza chupa nne kwa siku, kwa hiyo na mimi nitauza nne. Bumu lilipoingia nikachomoa 250,000, nikaenda duka lilelile, nikanunua mafuta yaleyale na vichupa vilevile. Hata karatasi ya bei niliibandika mlangoni chini ya yake.

Kilichonishinda ni hesabu ya darasa la pili. Watu wa korido yetu waliokuwa wananunua chupa nne kwa siku hawakuanza kununua nane kwa sababu mimi nimekuja. Walibaki walewale, na pua zilezile. Sisi wawili tukawa tunagawana nne. Baada ya wiki mbili wa chumba cha jirani naye akaanza, kisha wa ghorofa ya chini, na kufika wakati wa testi tulikuwa wauzaji saba. Bei ikashuka hadi 4,000, ikaja 3,000, mwisho 2,500, hela ambayo hairudishi hata mafuta na nauli ya Kariakoo. Rumeti wangu akaacha biashara. Akaacha pia kunisemesha.

Ndugu msomaji, siandiki kwa sababu nimefanikiwa. Naandika kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kuiga. Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Kibiti, na huko nikagundua kwamba kosa halikuwa hilo. Niliiga kitu kisichofaa kuigwa.

Kwa wasioijua Kibiti, ni mji wa barabarani. Barabara ya Kilwa ikitoka Dar es Salaam kuelekea Lindi na Mtwara inaupasua katikati. Upande wa mashariki, ukishuka kuelekea Nyamisati, unaanza kukutana na matawi ya Mto Rufiji na mikoko ya delta. Upande wa bara ni mashamba ya mihogo, ufuta na mikorosho. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Rufiji, lakini ukimuuliza mzee wa pale atakuambia yeye ni Mrufiji tu, mambo ya mipaka waulizeni waliochora.

Mama yangu anauza korosho stendi. Mikorosho ni ya marehemu babu, si mingi, na korosho anabangua mwenyewe na dada yangu. Asubuhi wanachoma na kufunga pakiti za buku na za buku mbili, halafu wanabeba sinia wanakwenda kusubiri mabasi. Hapo ndipo utaona kitu ambacho kila aliyesafiri kusini amekiona. Basi likipunguza mwendo tu, wauzaji 30 wanalikimbilia. Wote wana masinia, wote wana korosho, pakiti ni za ukubwa mmoja na bei ni moja. "Korosho buku, korosho buku, kaka chukua ya mtoto!" Mikono 30 inapanda kwenye madirisha yaleyale ya upande wa mlangoni. Dakika chache baadaye basi linaondoka, na kati ya wale 30 labda sita wameuza.

Siku ya pili tu baada ya kufika, mimi msomi nikaanza kutoa ushauri.

"Mama, pale mnauana wenyewe kwa wenyewe. Inabidi uje na kitu cha tofauti."

"Kama nini?"

"Chochote. Hata juisi ya baridi. Pale hakuna anayeuza juisi."

"Friji liko wapi?"

Nikanyamaza. Akaendelea kufunga pakiti zake.

"Mwanangu, korosho nisipouza leo nauza kesho. Juisi isipouzika mpaka magharibi tunaimwaga. Halafu wewe nauli ya kurudi chuo nikupe maganda ya maembe?"

Jibu lile lilinikaa. Hapa chuoni tumezoea kuwacheka watu kama wale wa stendi. Kila semina lazima asimame mtu mwenye suti atuambie kwamba Watanzania hatuna ubunifu: mmoja akifungua genge, mtaa mzima magenge, mmoja akinunua bajaji, mtaa mzima bajaji. Tunapiga makofi na kucheka, kama vile tunaosemwa si sisi wala mama zetu. Siku hizi naona hotuba ile ina dharau ndani yake. Mtu asiye na akiba haigi kwa sababu hana akili. Anaiga kwa sababu aliyemtangulia amemfanyia utafiti bure. Ukiona watu 30 wanauza korosho miaka nenda rudi na hawajafa njaa, unajua kwamba korosho inauzika, unajua bei, unajua pakiti ya kiasi gani abiria anaitaka. Hakuna mtu anayeuza juisi, na hujui kama ni kwa sababu hajatokea mwenye wazo au ni kwa sababu wote waliojaribu walimwaga ndoo. Kwa mwenye kipato cha siku kwa siku, kuiga ni bima.

Ila bima hiyo ina malipo yake. Kila anayeingia anakatwa kwenye sufuria ya walioko. Wa kwanza alishiba, wa tano alikula, wa 30 analamba mwiko. Na wa 30 hawezi kupandisha bei, maana kuna wenzake 29 nyuma yake.

Wenzangu wa uchumi na masoko wanakumbuka jina la Harold Hotelling, mchumi wa Kimarekani. Mwaka 1929 aliandika makala kuhusu jambo hili hili. Chukua mtaa mmoja mrefu wenye wauzaji wawili wa bidhaa ileile. Wateja wametawanyika mtaa mzima, na kila mmoja ananunua kwa aliye karibu naye. Ungedhani kila muuzaji atakaa upande wake, watu wasitembee mbali. Lakini kila mmoja akitaka kumega wateja wa mwenzake anasogea kidogo kuelekea katikati, mwenzake naye anasogea, na mwisho wanajikuta wamesimama bega kwa bega. Hakuna mjinga kati yao, maana kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Wanaoumia ni wateja wa miisho ya mtaa, ambao sasa hawana mtu karibu. Mwalimu alitufundisha hilo kwa mistari na herufi ubaoni, nikapata B, na sikulielewa mpaka nilipomuona mama.

Wiki ya pili ya likizo nilikuwa stendi nikisaidia kubeba sinia. Basi likaingia, kundi likakimbia, na mama simuoni. Dada yupo katikati ya kundi anapaza sauti, mama hayupo. Nikazunguka nyuma ya basi. Kumbe yuko upande wa pili, upande wa dereva, peke yake, anauza taratibu kama yuko dukani kwake.

Jioni nikamuuliza. Akasema alikuwa amewaangalia abiria wa upande ule kwa muda mrefu. Wao pia wanataka korosho, lakini wauzaji wako ng'ambo. Inabidi wampe hela abiria wa dirisha la kule, naye ampe muuzaji, korosho zirudi kwa njia hiyohiyo, na basi mara nyingi linaondoka na chenji imebaki mkononi mwa mtu. Wengi wamekata tamaa, wanakaa kimya. Hawahesabiki kama wateja kwa sababu hawapigi kelele. Ndani ya stendi hakuna magari yanayopita upande ule, kwa hiyo hatari haipo. Siku ya kwanza alivuka na pakiti kumi tu, sinia lililobaki akamwachia dada upande uliozoeleka. Zile kumi ziliisha kabla konda hajagonga bodi.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mama hakugundua kitu kipya. Korosho ni zilezile, pakiti ileile, bei ileile, hata maneno ya kuitia ni yaleyale. Kazi nzima aliiga kwa wenzake, na aliiga vizuri. Kitu kimoja tu hakuiga: mteja. Wote walikuwa wanamkimbilia abiria wa upande wa mlango, yeye akamfuata abiria aliyeachwa. Mimi nilifanya kinyume kabisa. Niliiga kazi ya rumeti wangu, sawa, hilo halikuwa kosa. Lakini niliiga na mteja wake, mlango kwa mlango, pua kwa pua. Sikuingia sokoni, niliingia mfukoni mwake.

Basi neno langu katika makala hii ni hilo moja. Iga kazi, usiige mteja. Ujuzi wa mwenzako unaweza kuuchukua bila kumpunguzia, lakini mteja wake ukimchukua nusu, mmebaki na nusu nusu wote wawili.

Angalia hata wakubwa. Kampuni ya Bakhresa ilipoleta Azam Cola haikugundua soda. Coca-Cola na Pepsi tulizinywa tangu enzi za babu zetu. Lakini soda ya mtaani kwa kawaida ilikuwa ya chupa ya kioo: ama unywe umesimama hapo dukani, ama uache hela ya chupa. Azam Cola ikaja kwenye chupa ya plastiki, kwa bei ya chini, unaondoka nayo unapanda daladala. Kinywaji kiliigwa, lakini aliyelengwa alikuwa mtu mwenye haraka na hela ndogo. Baadaye Mo Cola nayo ikafuata njia hiyo. Au chukua Halotel. Ilipoanza kutoa huduma mwaka 2015, Vodacom, Tigo na Airtel walikuwa wameshajipanga mijini. Kushindana nao pale Posta na Kariakoo kungekuwa kujiunga na kundi la upande wa mlango. Halotel ikaweka nguvu vijijini, kwa watu waliozoea kupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Simu ni ileile na vocha ni ileile.

Najua kuna atakayesema: mbona wapo wanaoiga kila kitu na wanashinda? Ni kweli wapo. Kariakoo watu wanauza kitu kimoja maduka 50 mfululizo, na wateja wanakwenda kwa sababu hiyohiyo, wanajua wakikosa hapa watapata pale. Lakini katika msongamano kama ule anayedumu ni mwenye mtaji wa kushusha bei mpaka wenzake wachoke, au mwenye mzigo wa jumla. Bakhresa alikuwa na viwanda na malori kabla ya soda. Mimi nilikuwa na 250,000 ya Bodi ya Mikopo. Ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Wazee walisema hivyo wazi na mimi siwezi kusema kwa adabu zaidi.

Kuna pia hotuba ya upande wa pili, inayosema tafuta upenyo wako na maisha yatanyooka. Hiyo nayo ni ya nusu. Delta yetu ina historia ya kutosha kutufundisha.

Delta ya Rufiji ina mikoko zaidi ya hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakapakia boriti za mikoko huku Rufiji na kule Lamu, na kuondoka na kusi. Nchi zile hazina miti ya kujengea, na boriti ya mkoko haiogopi mchwa. Nyumba nyingi za zamani za mawe, huku kwetu na huko kwao, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Huo ulikuwa upenyo hasa: kumpelekea mtu asiye na mti kile ambacho kwako kimejaa mpaka kinakuziba njia. Lakini tuseme ukweli. Mkata boriti, aliyesimama kwenye tope kiunoni na mbu, hakuwa yeye aliyejenga ghorofa. Mnunuzi alimjua mwenye jahazi na mwenye jahazi alimjua dalali. Mkataji alikuwa na mti na shoka, mteja hakuwa naye. Na serikali ilipokuja kuzuia biashara hiyo ili mikoko isiishe, mkataji hakuwa na pa kushika.

Siku hizi ni zamu ya kaa. Kaa wa mikokoni ana bei akiwa hai na amejaa nyama, na soko lake kubwa liko China. Wapo wavuvi katika pwani yetu waliojifunza kumnenepesha: kaa aliyetoka kujivua gamba, mwenye maji mengi kuliko nyama, wanamweka kwenye kizimba na kumlisha wiki chache mpaka ajae, ndipo wanamuuza. Hilo ni wazo zuri, na halihitaji kukamata kaa wengi zaidi ya mwenzako. Ila mwanzoni mwa 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga soko la China, kaa hai wa Afrika Mashariki walikosa pa kwenda. Upenyo wenye mnunuzi mmoja ni mlango wenye ufunguo mmoja, na ufunguo hukai nao wewe.

Mama ana mfano wake mwingine, wa Ndundu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yote ya kusini yalivuka Rufiji kwa pantoni. Pantoni ikiharibika, au mto ukifura, abiria wanalala pale. Anasema waliokuwa wanauza wali na samaki Ndundu walikuwa watu wenye hela na maneno. Daraja likafunguliwa, na basi sasa linapita bila hata kupunguza gia. Wale mama lishe hawakukosea kitu. Walikuwa wanauza dawa ya shida moja, na shida ikapona.

Kwa hiyo upenyo si mahali pa kufika ukakaa. Utaigwa, au utafungwa, au utajengewa daraja. Hata upande wa dereva haukudumu. Wiki ya tatu walikuja wauzaji wanne, na kufika mwisho wa likizo walikuwa wengi kiasi kwamba nilikasirika kwa niaba ya mama. Yeye hakukasirika.

"Waje tu, stendi si yangu," akaniambia. "Lakini dereva akipiga simu, anapiga kwangu."

Maana hilo ndilo lililotokea katika zile wiki mbili alizokuwa peke yake. Ukisimama upande wa dereva, unaonana na dereva. Abiria anapita mara moja, pengine hutamuona tena maisha yako yote. Dereva anapita leo kwenda, kesho kurudi. Mmoja akanunua ya kutafuna njiani. Kesho yake akasema majirani zake Mbagala wameonja na wanataka kilo mbili. Mama akampa, akamwambia hela alete akirudi. Akaleta. Sasa kuna madereva wawili na konda mmoja wanaopiga simu kabla hawajafika Ikwiriri: "Mama, niandalie." Wale wauzaji wanne wanaweza kusimama anaposimama. Kuaminiwa na madereva wale hawawezi kukuiga, angalau si kwa wiki moja.

Sasa turudi kwetu sisi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na wengi wetu tukimaliza hapa tutarudi makwetu kuiomba. Likizo ile nilikwenda steshenari moja kutoa kopi ya kitambulisho, nikamkuta kijana anachapiwa andiko la mradi la kikundi chake. Ufugaji wa kuku wa mayai. Mchapaji hakumuuliza swali lolote. Alifungua faili la kikundi kingine, akabadilisha jina la kikundi na la kijiji, akabonyeza kuchapa. Nilipopitisha jicho, ukurasa wa nne ulikuwa bado na jina la kikundi cha mwanzo. Simcheki yule kijana, na mchapaji anatafuta riziki yake. Lakini fikiria vikundi kumi vya kata moja vinafuga kuku wa mayai kwa andiko moja, vinauza trei kwa maduka yaleyale matatu, na vyote vina mkopo wa kurudisha. Hapo kuiga si bima tena. Ni kukopa ili kugombana.

Na yule kijana kuna vitu anavijua ambavyo mchapaji hakumuuliza. Huenda anajua ni kijiji gani cha delta kinakosa mboga wakati maji yamejaa. Huenda anajua mama gani wanasuka mikeka ya ukindu na hawana mtu wa kuipeleka Dar. Huenda anajua boti za kwenda Mafia zinaondoka Nyamisati saa ngapi, na abiria wanaosubiri wanalalamikia nini. Ujuzi wa namna hiyo hauko kwenye faili la mtu mwingine. Penye miti hapana wajenzi, tunasema, lakini mara nyingi wajenzi wapo, ila wamekwenda kupanga foleni kwa fundi mwingine wakope ramani.

Sitaki nimalize kama wale wa semina, kwa hatua saba za mafanikio. Nina maswali matatu tu, nayauliza kwanza kwangu mwenyewe kabla ya kutoa tena hata shilingi. Nani ameachwa na hawa wote ninaowaona wakikimbia? Asiyepiga kelele ndiye wa kumtazama, kama yule abiria wa dirisha la kulia. Pili, nikikosea nitapoteza kiasi gani? Mama alivuka na pakiti kumi, hakuvuka na sinia zima, na dada alibaki upande wa zamani. Mimi nilivuka na bumu. Tatu, wakinifuata kesho, na watanifuata, nitakuwa nimebaki na nini ambacho hawawezi kukinunua Kariakoo Jumamosi?

Kuhusu lile boksi chini ya kitanda. Nilipomsimulia mama habari ya pafyumu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema konda wake mmoja kila siku analalamika kwamba basi linanuka samaki, abiria wakishuka nalo kutoka kusini, na ameuliza kama Kibiti kuna kitu cha kunukisha gari. Vichupa 31, na mabasi ni mengi. Nimeamua boksi lipande kosta pale Mbagala Rangi Tatu wiki ijayo, lakini kwanza vichupa kumi, si vyote.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa rumeti wangu wa zamani, sasa hivi yuko bloku nyingine. Nilimpelekea pakiti ya korosho. Nikamwambia samahani, nilikukatia riziki, na nikamwambia habari ya mabasi. Yeye ndiye anayejua mafuta yapi yanadumu na yapi yanapotea kwa saa moja, mimi sijui mpaka leo. Nikamuomba tufanye pamoja. Akachukua korosho, akasema atafikiria. Bado hajanijibu, na simlaumu.